Ijumaa ya Sipi na Nabugoye: tathmini ya siku ya matembezi na utamaduni kwa vijana wa Dar es Salaam

Miongoni mwa safari ambazo waandaaji wa Dar es Salaam huwauzia vijana, ile ya kwenda Mbale, mashariki mwa Uganda, kuwatembelea Wayahudi wanaojulikana kama Abayudaya, ina siku moja inayostahili tathmini ya peke yake. Siku hiyo ni Ijumaa. Asubuhi kundi hupanda na kushuka katika njia za maporomoko ya Sipi, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Mchana hurudi hadi kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale, kuona sinagogi na kuzungumza na wenyeji. Na jua linapokaribia kuzama huketi pamoja nao kuipokea Sabato. Siku nyingine za safari, yaani zile za barabarani na za kuzunguka mjini, hazina la kuandikwa zaidi ya kwamba basi lilifika. Ijumaa hii huuzwa kama nyongeza ya Sh160,000 juu ya nauli na malazi, na ndiyo nitakayoipima hapa: jinsi ilivyotangazwa, jinsi ilivyoendeshwa, na kile ambacho vijana walikipata hasa.

Kundi letu lilikuwa la vijana wa Kimara, Temeke na Mbagala, wengi wao wanafunzi wa vyuo na wengine wakiwa ndio kwanza wameanza kazi, Wakristo na Waislamu pamoja, waliozoeana kwa mazoezi ya kutembea katika vilima vya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi. Mimi nilikwenda kama mmoja wa walezi wao. Kijana wa Dar es Salaam hukutana na Wayahudi mahali patatu: katika Biblia, katika Kurani na katika taarifa ya habari ya usiku. Hakuna hata pamoja kati ya hapo panapomwonyesha Myahudi anayelima kahawa na mihogo, anayezungumza Kiganda na kumtafutia mwanawe ada ya shule kwa tabu ileile anayoijua mzazi wa Gongo la Mboto. Anayeinunua siku hii na ainunue kwa ajili ya hilo, maana maporomoko mazuri yapo hata kwetu, kule Materuni na kule Kalambo, na hayahitaji kuvuka mpaka wowote.

Nianze na tangazo lenyewe, kwa sababu lilitupotosha. Karatasi tuliyogawiwa katika kikao cha maandalizi ilieleza kwamba Abayudaya ni wazao wa Wayahudi walioletwa Uganda na Waingereza mwaka 1903. Habari hiyo si ya kweli, na mwandaaji anayetoza fedha kwa safari ya urithi anapaswa kuijua historia ya anaowauza. Ni kweli kwamba mwaka 1903 Joseph Chamberlain, aliyekuwa waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa viongozi wa harakati ya Kizayuni pendekezo la kupata ardhi katika Afrika Mashariki. Lakini ardhi yenyewe ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, ambazo leo zimo Kenya, na mkutano mkuu wa harakati hiyo ulilikataa pendekezo hilo mwaka 1905. Hakuna kijiji cha Mbale kilichozaliwa na mpango huo.

Abayudaya walitokana na mtu mmoja aliyeitwa Semei Kakungulu. Alikuwa Muganda na jemadari, aliyewasaidia Waingereza kulitia eneo la mashariki mwa Uganda chini ya himaya yao, akitarajia kwamba baada ya kazi hiyo atafanywa mfalme wa huko. Hakufanywa. Taratibu akawapa kisogo, akajiunga na madhehebu ya Wamalaki waliokataa dawa za hospitali, na kwa kuisoma Biblia ya Kiganda kwa macho yake mwenyewe akafika katika vitabu vya Musa na kukaa hapo. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye pamoja na wanawe, jambo zito kwa Muganda wa zama zile, kwa kuwa tohara haikuwa desturi ya kwao; na wenzake walipomwambia kwamba mambo hayo ni ya Wayahudi, aliachana nao akajihesabu kuwa Myahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha kurasa 90 chenye sala na kanuni za jumuiya yake, na miaka sita baadaye akafariki, akiwaachia wafuasi wake imani ambayo waliendelea kujifunza kwa sehemu kubwa wenyewe. Historia hii ni nzuri mara mia kuliko ile ya uongo iliyokuwa kwenye karatasi, na kijana wa Kiafrika ana mengi ya kuiuliza. Inashangaza kwamba mwandaaji aliyeishika mkononi aliamua kuuza nyingine.

Matembezi ya Sipi yenyewe yaliendeshwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Tuliondoka Mbale kwa Kosta kabla hakujapambazuka, na barabara ya lami ya kwenda Kapchorwa ikatupandisha hadi kijiji cha Sipi, kilicho karibu mita 1,775 juu ya usawa wa bahari, ambako kijana aliyezoea joto la Dar es Salaam hugundua kwamba shati la mikono mifupi ni uamuzi mbaya. Maporomoko ni matatu katika mto mmoja, na la chini kabisa, ambalo ndilo linaloonekana katika picha nyingi, huanguka takriban mita 100 kutoka kwenye ukingo wa mwamba. Kiongozi wetu wa njiani alikuwa mwenyeji, Msabiny, aliyezaliwa hapohapo. Alijua jiwe linaloteleza na lisiloteleza, alitembea kwa mwendo wa yule aliye nyuma, na hakuruhusu mtu yeyote kusogea kwenye ukingo ili kujipiga picha, ingawa aliombwa sana na wengine wakakasirika.

Anayedhani kwamba mazoezi ya Pugu yanatosha atakuwa sahihi kwa upande wa mapafu na magoti, lakini si kwa upande wa miguu. Udongo wa Elgon ni mwekundu na wa kunata, na mvua ya usiku mmoja huugeuza kuwa sabuni. Raba za kawaida za mjini ziliwashinda wengi, na kwenye ngazi za mbao zilizowekwa katika sehemu zenye mteremko mkali kulikuwa na kelele nyingi na kicheko, kisha kwa muda kidogo kukawa na kimya cha watu wanaojali maisha yao. Waandaaji wangesema mapema kwamba vinahitajika viatu vyenye meno, tena waseme kwa msisitizo, maana Elgon ni mlima unaojulikana kwa maporomoko ya ardhi, na mwaka 2010 wilaya ya jirani ya Bududa ilipoteza mamia ya watu kwa siku moja. Kwa sababu hiyohiyo ningemshauri mlezi yeyote asikubali kupeleka vijana huko katika kilele cha masika, hata akipunguziwa bei.

Kati ya poromoko moja na jingine njia hupita katikati ya migomba na mikahawa ya watu, na hapo ndipo kiongozi wetu alipotuonyesha kahawa kuanzia tunda jekundu mtini hadi kikombeni: kumenya, kukausha, kutwanga kinuni ili kuondoa ganda, kukaanga kwenye kikaango juu ya kuni, kutwanga tena na kuchemsha. Vijana waliolelewa kwa kahawa chungu ya barazani na kashata walikuwa na maoni makali juu ya ladha yake, wengi wakidai kwamba ilikaangwa kidogo mno na kwamba tangawizi ilisahauliwa, na mjadala huo ulimfurahisha mwenye shamba. Kituo hiki hakikutajwa popote katika ratiba. Nilikuja kukiona umuhimu wake alasiri, kama nitakavyoeleza.

Kasoro ya asubuhi ilikuwa katika fedha. Tuliambiwa Dar es Salaam kwamba malipo yote ya Sipi yamo ndani ya bei, lakini maporomoko hayo yamezungukwa na mashamba ya watu binafsi, na katika baadhi ya vivuko mwenye shamba au kijana wake alidai malipo madogo ya kupita. Hayakuwa makubwa, na shilingi ya Uganda ina thamani ndogo kuliko yetu, kwa hiyo hesabu yake humtisha mgeni bure. Lakini kijana aliyeacha pochi hotelini kwa kuamini neno la mwandaaji alilazimika kukopa kwa mwenzake mbele ya watu. Wenye mashamba sina ninachowalaumu, maana njia inapita kwao. Aliyekwisha kupokea fedha zetu huku mjini ndiye aliyepaswa kuwalipa kabla hatujafika.

Jambo la pili lililosahauliwa lilikuwa kubwa zaidi, na lilinishangaza kwa sababu waandaaji wenyewe ni watu wa Dar es Salaam wanaojua vyema kundi la vijana wa mji huu huwa na watu gani ndani yake. Siku ni Ijumaa na theluthi ya kundi ni Waislamu. Ratiba ilituweka barabarani, katikati ya Sipi na Mbale, wakati wa swala ya Ijumaa. Msafiri ana ruhusa yake katika sheria, na vijana wetu waliijua. Hata hivyo kadhaa walipenda kuhudhuria, na Mbale ni mji wenye Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1988, na wenye misikiti mingi. Kuondoka Sipi mapema kidogo kungetosha. Tuliwaomba waharakishe, dereva akakubali, kiongozi wa safari akakataa kwa kuwa ratiba ilishachapishwa, na mwishowe tulifika mjini watu wakitoka msikitini. Siku inayojinadi kuwa ya kujifunza kuheshimu ibada za wengine haikupaswa kuipita hivyo ibada ya watu wake yenyewe.

Chakula cha mchana nacho kilikuwa na hadithi yake. Hoteli ilitufungia wali na kuku, na ratiba ilisema tutakula katika ukumbi wa wageni wa Nabugoye. Tulipofika, mama mmoja wa jumuiya alitupokea kwa upole mkubwa, akatazama maboksi yetu, kisha akatuomba tule nje chini ya miti, kwa sababu nyama isiyochinjwa kwa kufuata sheria yao haiingii katika ukumbi wala jiko la jumuiya. Waislamu wa kundi letu walielewa kabla hajamaliza sentensi, na ikabidi wao wawaelezee Wakristo. Mama huyo alituletea juu yake sahani za matoke na malewa, yaani machipukizi ya mianzi ambayo Wagisu huyakausha na kuyapika kwa karanga, na chakula hicho kilikipita cha hoteli kwa mbali. Kundi lijalo liagize chakula chake hapohapo Nabugoye. Fedha zitabaki kijijini na hakuna atakayeaibika.

Kilimani tulitembezwa na kijana wa rika la vijana wetu, na huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote ya siku ile. Sinagogi la sasa, linaloitwa Stern, lilifunguliwa mwaka 2016. Ni jengo la matofali, lenye nafasi na mwanga, na ndani yake limo kabati takatifu linalohifadhi magombo ya Torati. Alitueleza kwamba jumuiya, yenye watu wanaokadiriwa kuwa 2,000, imetawanyika katika vijiji kadhaa kuzunguka Mbale, kwamba mwaka 2002 marabi wa tapo la Kikonsavativu, mojawapo ya matapo ya Uyahudi, walikuja kuwathibitisha takriban watu 400 kwa taratibu rasmi za Kiyahudi, na kwamba wenzao wa kijiji cha Putti hufuata njia ya Kiorthodoksi, yaani tapo la Kiyahudi linaloshika sheria kwa ukali zaidi, na wana sinagogi lao. Rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea Los Angeles na kuwekwa wakfu mwaka 2008, kisha mwaka 2016 majirani zake, ambao wengi wao si Wayahudi, walimchagua kuwa mbunge wa Bungokho North. Vijana walisitasita hapo, na mmoja akauliza kama inawezekana kweli Wakristo na Waislamu wampigie kura rabi. Mwenyeji wetu alijibu kwa kutuonyesha shule za jumuiya, ambamo watoto wa dini zote tatu husoma darasa moja.

Hapo ndipo kahawa ya asubuhi ilipopata maana. Mwaka 2004 mkulima wa jumuiya hiyo, J. J. Keki, ambaye alikuwa New York siku ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 na kuyashuhudia, aliwazungukia majirani zake akiwashawishi waunde ushirika mmoja wa kahawa, Wayahudi, Wakristo na Waislamu, nao ukaundwa kwa jina la Peace Kawomera na kuuza kahawa yake hadi Marekani. Mtu aliyekwisha kushika kinu cha kahawa asubuhi husikiliza habari hiyo kwa namna tofauti: anajua kilo moja ni kazi ya mikono mingapi, na anaelewa kwa nini mkulima mwenye miti michache hawezi kusimama peke yake mbele ya mnunuzi. Vijana wetu, ambao baadhi yao wazazi wao wamo katika vyama vya ushirika vya Kilimanjaro na Kagera, waliuliza maswali ya watu wazima kuhusu bei, makato na malipo ya pili. Ilinipendeza kuona somo la dini likihamia kwenye mizani na bei ya kilo bila mtu kulilazimisha.

Kisha tukakutanishwa na mzee mmoja wa jumuiya, kwa kipindi ambacho katika ratiba kiliandikwa kwa maneno mawili tu, salamu na picha. Vijana walimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa Kiswahili alichotuambia kwamba alikiokota kwa wanajeshi. Akauliza tumetoka wapi. Aliposikia Tanzania alisimama, akawashika mikono mmoja mmoja, akaomba viti vipangwe upya.

Alisimulia kwamba baada ya Idi Amin kutwaa madaraka mwaka 1971 dini yao ilipigwa marufuku, masinagogi yakafungwa na mengine kubomolewa, na wengi, ili wapate kuishi, walijiandikisha kuwa Waislamu au Wakristo. Kabla ya miaka hiyo walikadiriwa kuwa 3,000. Walioendelea kuishika imani, wakisali kwa siri, walibaki takriban 300. Vijana walikuwa wameijua Vita ya Kagera kama sura ya kitabu cha historia cha sekondari, yenye tarehe za kukariri: uvamizi wa mwaka 1978, na Kampala kutekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda Aprili 11, 1979. Mzee aliwaongezea jambo moja ambalo kitabu cha shule hakina. Jioni ya tarehe hiyohiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, Pasaka yao ilikuwa inaanza, sikukuu ya kukumbuka kutolewa utumwani Misri. Watu waliokuwa wakijificha kuisali sala hiyo walipata habari za kuanguka kwa Amin katika siku zilezile za kusoma habari za Farao.

Binti mmoja wa Mbagala alisema kwamba babu yake mzaa mama alikuwa katika jeshi lililovuka Kagera na kwamba nyumbani hapendi kuizungumzia vita ile. Mzee alimuuliza jina la babu, alikuwa kikosi gani, na kama yu hai. Alipoambiwa yu hai alitoa salamu ndefu za kumpelekea, na binti akaziandika kwenye simu neno kwa neno. Wakati huo kiongozi wetu wa safari alikuwa amesimama mlangoni akionyesha saa. Alitaka tuende kupiga picha ya pamoja kabla mwanga haujapungua. Tulikwenda, picha ikapigwa, nayo ni picha nzuri, lakini kama kuna jambo moja ambalo ningelifuta katika siku nzima ni hilo la kumkatisha mzee yule.

Mwandaaji anayetoka Tanzania ana kitu ambacho kampuni ya Ulaya au Marekani haiwezi kukinunua. Wageni wengi wanaopanda Nabugoye huja kuwaona Wayahudi weusi na kustaajabu kwamba wapo. Kijana wa Dar es Salaam huja akiwa tayari ni sehemu ya hadithi yao, hata kama hajui, kwa sababu pengine babu yake au jirani wa babu yake alipita huko na bunduki begani. Siku nzima ilipaswa kujengwa juu ya nguzo hiyo, kuanzia kikao cha maandalizi: vijana waombwe wazungumze na wazee wao kabla ya safari, waende na majina na maswali, na kipindi cha mzee kipewe alasiri yote. Ilivyo sasa kimebanwa baina ya chakula na picha, na ni bahati tu kwamba mzee mwenyewe hakukubali kubanwa.

Kuhusu Sabato nitasema kwa kifupi zaidi, ingawa ndiyo inayochukua nafasi kubwa katika matangazo. Mbale iko karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huzama baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, na ibada huanza kwa muda usiobadilika sana, jambo linalomrahisishia mwandaaji kazi. Mishumaa huwashwa kabla jua halijazama. Wanaume hutakiwa kufunika vichwa; waliokuja na kofia zao za kiua hawakuhitaji kuazima kitu, na wengine waligawiwa zile kofia ndogo za mviringo. Zaburi ziliimbwa kwa Kiebrania na kwa Kiganda, kwa sauti zilizopangwa namna ambayo mwanakwaya yeyote wa Kariakoo au Azania Front angeitambua mara moja, na vijana wetu waliokuwa wanakwaya walishindwa kujizuia, wakaingia kwenye besi. Waislamu walipewa chumba cha kuswalia Magharibi, baada ya sisi kuomba, maana hili pia halikuwa limepangwa na yeyote. Baadaye ilifuata baraka ya divai na mkate, na chakula cha usiku.

Mambo mawili ya adabu yangesemwa Dar es Salaam, si pale mlangoni. La kwanza ni simu: Sabato ikishaingia hakuna kupiga picha wala kuandika ndani ya eneo la ibada, na kumwambia hivyo kijana ambaye tayari ameinua simu yake ni kumwaibisha bila sababu. La pili ni mahubiri. Vijana wetu wawili, kwa nia njema kabisa, walianza kumweleza mwenyeji wetu kwa nini anapaswa kumpokea Yesu, naye akawasikiliza kwa subira ya mtu aliyeyasikia hayo tangu utotoni, akawakaribisha chai. Hakuna ugomvi uliotokea. Lakini watu waliolazimishwa kubadili dini katika kumbukumbu ya wazazi wao hawastahili kufanyiwa hivyo nyumbani kwao na mgeni aliyelipia kuja kujifunza, na dakika tano za maelezo katika kikao cha maandalizi zingetosha kulizuia.

Ratiba ilionyesha pia kwamba asubuhi ya Jumamosi, kabla ya kuondoka, tutanunua kahawa, kofia zilizofumwa kwa mkono na vitu vingine vya jumuiya. Yeyote anayeijua Sabato hata kwa kuisoma tu katika kitabu cha Kutoka angejua kwamba hakuna atakayeuza kitu Nabugoye asubuhi hiyo, na kwa kweli hakuna aliyeuza. Vijana waliokuwa wametenga fedha kwa ajili ya hayo walirudi nazo, na jumuiya ilikosa mapato ambayo ingeyapata Ijumaa mchana kama tungepewa nusu saa ya kununua kabla ya mzee. Hasara hiyo ilikuwa yao zaidi kuliko yetu.

Kwa anayefikiria kulipia, basi, haya ndiyo ningemwomba ayapate kwa maandishi kabla ya kutoa fedha: kwamba kundi litaondoka Sipi mapema kiasi cha kuiwahi swala ya Ijumaa mjini Mbale, kwamba malipo ya wenye mashamba yamelipwa, kwamba chakula cha mchana kitapikwa Nabugoye, kwamba ununuzi utafanyika Ijumaa kabla ya jioni, na kwamba mzee atapewa muda wote anaoutaka. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano na pasipoti, au hati ya safari ya dharura, kila mtu ahakikishe mwenyewe, kwa sababu mpakani kitambulisho cha NIDA pekee hakikutosha kwa mmoja wa wenzetu, na basi lilimsubiri muda mrefu.

Kiongozi wa njiani wa Sipi na kijana aliyetutembeza Nabugoye wanastahili kila shilingi na bahasha juu yake. Mwandaaji wa Dar es Salaam alistahili sehemu tu ya kile alichotoza, na nimemwandikia kumweleza hivyo. Amejibu kwamba kundi lijalo litakula Nabugoye na kwamba karatasi ya matangazo itasahihishwa, lakini kuhusu swala ya Ijumaa na muda wa mzee hajasema neno. Waandaaji hao huuza siku hiyohiyo kwa bei ileile kila Jumanne kwa makundi yasiyoweza kukaa hadi mwisho wa wiki. Ya Jumanne nisingeinunua, kwa kuwa mtu hulipa sawa na wenzake na kuikosa Sabato. Ya Ijumaa, ikirekebishwa katika hayo mawili yaliyobaki, niko tayari kuwapeleka vijana wengine wa Kimara mara baada ya mitihani yao.